NANI ALIHARIRI BONGO FLEVA? HISTORIA YA CLOUDS FM KAMA ILIVYOSIKIKA CHEKERENI

Katika semina moja ya Fasihi Simulizi nilisimama nikapendekeza kwamba tasnifu yangu ihusu nyimbo zilizotungwa na vijana wa Chekereni, Moshi, miaka ya mwanzo ya 2000. Mwalimu hakukataa. Aliuliza swali moja tu: "Matini yako iko wapi?" Nikajibu kwamba matini imo kichwani mwa mjomba wangu. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao kwa aibu, lakini swali lile halikuniacha. Kwa nini wimbo wa Dar es Salaam wa mwaka 2001 ninaupata kwa kubonyeza simu, na wimbo wa Chekereni wa mwaka 2004 lazima nikautafute kwenye kumbukumbu ya mtu aliyekwisha kuota mvi?

Makala haya yanakusudia kujibu swali hilo kwa njia ya historia. Wahakiki wetu wamezoea kuuliza ni nani aliyechapa riwaya, mchapaji alikata nini na kwa nini. Lakini tukifika kwenye wimbo tunaruka moja kwa moja hadi kwenye fani na maudhui, kana kwamba wimbo umejileta wenyewe masikioni mwetu. Ninavyoona mimi, mchapaji wa Bongo Fleva alikuwa redio, na redio iliyoshika kalamu nyekundu kwa muda mrefu kuliko zote ni Clouds FM. Historia yake basi ni sehemu ya historia ya fasihi yetu, tupende tusipende.

Kwa wasiopajua, Chekereni ni kijiji cha tambarare, kusini-mashariki ya mji wa Moshi, chini kabisa ya migomba. Juu kule mlimani ni vihamba, kahawa na mbege. Huku chini ni joto, mbu na mpunga. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ulichukua maji ya mito ya Njoro na Rau, ukakusudia kumwagilia hekta 2,300, na kati ya hizo hekta 1,100 zilikuwa za mpunga. Hesabu hiyo haikudumu. Wakulima wa juu ya mfereji walipoona mpunga unalipa, nao wakalima, wakafungulia maji kwao, na sisi wa chini tukabaki na zamu za maji zisizofika. Ugomvi wa maji ndio maudhui makuu ya Chekereni, kama vile ugomvi wa mashamba ulivyo kwingineko. Na kazi ya mpunga ni kazi ya kusubiri: unasubiri zamu ya maji, unaamia ndege kuanzia alfajiri mpaka giza. Anayesubiri anahitaji redio. Mjomba anasema walikuwa wakianika betri juani ili zipate nguvu za siku moja zaidi, na redio ikining'inizwa kwenye usukani wa baiskeli kando ya jaruba.

Redio hiyo ilikuwa na historia yake kabla ya Clouds. Utangazaji wa Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, ukawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 serikali ikauchukua moja kwa moja na kuuita Radio Tanzania Dar es Salaam. Tangu mwanzo muziki na siasa vililala kitanda kimoja. Frank Humplick, mzaliwa wa Moshi aliyeimba pamoja na dada zake miaka ya 1950, alipata umaarufu Afrika Mashariki nzima, na serikali ya kikoloni ikapiga marufuku wimbo wake mmoja kwa kunusa ndani yake harufu ya uhuru. Kwa hiyo Moshi ilikuwa na msanii wa kupigwa marufuku kabla hata haijawa na kituo cha redio cha kumchezea. Tena hata Humplick alirekodiwa Nairobi.

RTD ilikuwa mhariri mkali, lakini mhariri aliyelipa kodi yake. Bendi ziliitwa studio, maneno ya nyimbo yakapitiwa kwanza, yaliyoonekana kupotosha yakaondolewa, kisha bendi ikarekodiwa kwenye tepu. Kiwanda cha kuchapa sahani za santuri hatukuwa nacho, hivyo aliyetaka santuri alipanda basi kwenda Kenya. Mwezi Novemba 1969 serikali ilipiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam, na katika miaka ya 1970 RTD ikaubana muziki wa kigeni karibu uishe kabisa hewani. Leo ni rahisi kuibeza siasa hiyo. Mimi siibezi yote. Ilizuia mengi, ndiyo, lakini pia iliacha nyuma yake maktaba ya tepu ambamo bendi ya mkoani ilikaa rafu moja na bendi ya Dar es Salaam. Mwanafunzi akiuliza "matini iko wapi?" kuhusu dansi la mwaka 1975, anaweza kuelekezwa Barabara ya Nyerere.

Kuna jambo jingine la Moshi ambalo watu wa rika langu hawalijui. Kanisa la Kilutheri lilikuwa na studio mjini Moshi, Sauti ya Injili, ambayo ilitayarisha vipindi vya Kiswahili kwa ajili ya redio ya Walutheri iliyokuwa Addis Ababa. Redio hiyo ilianza kurusha matangazo mwaka 1963 na ikachukuliwa na serikali ya kijeshi ya Ethiopia mwaka 1977. Hebu fikiria: mtu anazungumza Moshi mjini, sauti yake inabebwa kwenye tepu hadi Ethiopia, kisha inarudi kwa masafa mafupi ili isikike Chekereni, mwendo ambao kwa baiskeli ni asubuhi moja tu. Nilipoelezwa habari hiyo nilicheka. Baadaye nikaona kwamba Bongo Fleva nayo ilitufanyia hivyo hivyo, ila safari hii kituo cha katikati kilikuwa Dar es Salaam.

Mabadiliko yalikuja na soko huria. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, Sheria ya Huduma za Utangazaji ikapitishwa mwaka 1993, na mwaka 1994 zikasikika Radio One na Radio Tumaini. Radio One ilikuwa ya Reginald Mengi, mwana wa Machame, na watu wetu waliipokea kama mtoto wa nyumbani aliyefaulu mjini. Vijana walikuwa wamekwisha kuanza kughani zamani. Saleh Jabir alishinda shindano la Yo! Rap Bonanza mwaka 1991 kwa kutia maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa Vanilla Ice, na Kwanza Unit waliungana mwaka 1993. Walichokosa ni mlango wa hewani. Taji Liundi na Mike Mhagama waliufungua mlango huo katika kipindi chao cha DJ Show pale Radio One, na ni Mhagama anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyetamka jina "Bongo Fleva", katikati ya miaka ya 1990, ili kutofautisha nyimbo za hapa na zile za Marekani. Wahakiki tuzingatie hilo: tanzu hii ilipewa jina na mtangazaji akiwa kazini, profesa hakuhusika wala msanii hakuhusika. Na jina lenyewe lina mji ndani yake. Bongo ni Dar es Salaam, mahali pa kuishi kwa kutumia ubongo. Tangu kubatizwa kwake, tanzu ilikwisha kuandikiwa anwani.

Clouds haikuanza kama redio. Ilianza kama disko la Joseph Kusaga, kisha ikawa na studio ya kurekodia iliyoitwa Mawingu, ambako Bonny Luv alikuwa mmoja wa watayarishaji wa mwanzo wa muziki huu wa kizazi kipya. Mwaka 1999 ndipo Clouds FM ilipokwenda hewani, Kusaga akishirikiana na Ruge Mutahaba. Asili hiyo ya disko ina maana kubwa kuliko tunavyodhani. RTD ilizaliwa ofisini, na Radio One ilizaliwa ndani ya kampuni ya habari. Clouds ilizaliwa ukumbini, kwa watu ambao kazi yao ilikuwa kutazama nyuso za wachezaji na kujua ni wimbo gani unaowainua vitini. Vigezo vyake vya uhariri vilikuwa vigezo vya ukumbi. Wimbo ulipimwa kwa jinsi unavyoshika katika nusu dakika ya kwanza.

Matokeo yake yanaonekana katika fani. Nyimbo za Kwanza Unit zilijengwa kwa beti ndefu, watu wakijibizana kwa majigambo, na kiitikio kilikuwa mahali pa kupumulia tu. Kufikia miaka ya 2000 kiitikio kimekwisha kuwa moyo wa wimbo, mara nyingi kikiimbwa na sauti laini, na beti zimebaki kukisindikiza. Siwezi kusema Clouds ndiyo iliyosababisha yote hayo peke yake. Watayarishaji kama P-Funk walikuwa na masikio yao. Lakini redio inayocheza wimbo mmoja asubuhi, mchana na jioni inahitaji kitu ambacho msikilizaji ataweza kukidaka akiwa anapika. Hapa tunakumbuka ugomvi uliozuka baada ya Kezilahabi kutoa *Kichomi* mwaka 1974, wanamapokeo wakisema lisilo na vina na mizani si shairi. Ugomvi ule ulipiganwa vitabuni na magazetini, watu wakitoa hoja kwa majina yao. Mabadiliko ya Bongo Fleva yalipitishwa kimya kimya, na mtu aliyeketi mbele ya mashine akichagua wimbo gani ufuate.

Hata hivyo tusiionee. Mwaka 2000 Hard Blasters walitoa *Funga Kazi*, na mwaka uliofuata Professor Jay akamchora mwanasiasa muahidi-yote katika "Ndio Mzee", kejeli ambayo mimi naiweka sawa na tamthilia zetu nyingi za kisiasa, na pengine juu ya baadhi yake. Redio za FM ndizo zilizozipandisha kazi hizo mpaka wazazi wakaacha kuziita uhuni. Clouds ilijiita Redio ya Watu, na kwa namna fulani watu waliikubali. Siku ya Chekereni iligawanyika kwa vipindi vyake: *Power Breakfast* wakati wa kwenda shamba, *Leo Tena* akina mama wakichambua mchele, *XXL* mchana wa vijana, *Jahazi* jioni. Watangazaji walizungumza kama watu wa kijiweni. Kwa mara ya kwanza Kiswahili cha "mambo vipi" kilitoka kwenye chombo kile kile ambacho zamani kilitoa Kiswahili cha taarifa ya habari, na mjomba anasema babu alikuwa akikizima kwa hasira. "Hawa wanatangaza au wanagombana?"

Tena upokeaji wetu ulikuwa mzuri. Mawimbi ya FM hayapindi kama yale ya masafa ya kati na mafupi. Huenda moja kwa moja, na kilima kikisimama njiani yanakatika. Ndugu zetu wa makorongoni huko mlimani walisikia mikwaruzo, sisi wa tambarare tukasikia safi. Kwa mara moja maishani kuishi bondeni kukawa na faida.

Sasa turudi kwa mjomba. Mwaka 2004 yeye na wenzake wawili walitunga wimbo kuhusu zamu ya maji. Walilipa studio ya Moshi mjini kwa fedha za magunia mawili ya mpunga, wakapewa CD moja. Moja tu, kwa sababu ya pili ilikuwa na bei yake. Wakaipeleka kwenye kituo kimoja cha redio ambacho sitakitaja. Mtangazaji aliwapokea vizuri, akasikiliza nusu, akawauliza, "Sasa jamani, huu wimbo wa mfereji, nani atakata kiuno?" Akaibakiza CD akiahidi kuufikiria. Wakaanza kusikiliza. Walisikiliza msimu mzima wa kuamia ndege, wakipokezana redio. Haukuchezwa. Waliporudi kuiulizia CD, mtangazaji yule alikuwa amekwisha kuhama, na hakuna aliyejua vitu vyake viko wapi.

"Mjomba," ananiambia, "wao walitaka habari za Bongo. Sisi habari zetu ni za mfereji."

Lazima nikiri kama mhakiki kwamba huenda wimbo ule ulikuwa mbaya. Mjomba hana sauti, hilo hata shangazi analisema mbele yake. Lakini beti mbili anazozikumbuka zina kitu ambacho sikukikuta katika nyimbo za mjini za miaka ile: maji yanapewa nafsi, yanateremka mlimani yakiwa na haraka ya kufika Chekereni, na kila kijiji yanachopita yanakamatwa na kuombwa rushwa. Ni tashihisi iliyobeba hoja nzima ya uchumi wa Lower Moshi. Ubeti wa tatu, ambao anasema ndio uliokuwa na jawabu, umepotea. Kama RTD ya zamani ingeukataa wimbo huu, ingeukataa kwa maneno yake, na karatasi ya maneno hayo ingebaki kwenye jalada fulani. Soko lilipoukataa halikuacha hata karatasi.

Wapo waliopita njia nyingine. X Plastaz wa Arusha walipata sikio Ulaya, na albamu yao *Maasai Hip Hop* ilitolewa na kampuni ya Ujerumani mwaka 2004, mwaka ule ule wa wimbo wa maji. Kwa kijana wa kaskazini, Ujerumani ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam! Sisemi haya kwa kejeli.

Wa mjini nao hawakuwa salama. Sugu, ambaye mwaka 2010 alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini, aligombana hadharani na wakubwa wa Clouds na akashiriki kutoa kandamseto ya *Anti-Virus* kuwashambulia. Mwaka 2013 Lady Jaydee naye akaingia katika mgogoro mkubwa na kituo hicho, hadi mahakamani. Sina uwezo wa kuamua nani alikuwa na haki katika migogoro hiyo. Ninachokiona ni kwamba pande zote zilikubaliana juu ya jambo moja, yaani kwamba kutochezwa ni adhabu. Mwandishi wa riwaya aliyekataliwa na mchapaji mmoja huenda kwa mwingine. Msanii aliyekosa hewa katika miaka ile alijiona kama amekufa.

Kisha serikali ikatukumbusha kwamba mhariri naye ana mhariri. Usiku wa tarehe 17 Machi 2017, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliingia katika majengo ya Clouds akiwa na watu wenye silaha. Nape Nnauye, waziri wa habari, akaunda kamati ya uchunguzi, na tarehe 23 Machi akaondolewa katika uwaziri. Siku chache tu baadaye, mwezi huo huo, Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", BASATA ikaufungia, na Rais Magufuli mwenyewe akaagiza aachiwe na wimbo uendelee kupigwa. Watu walishangilia. Mimi wakati huo nilikuwa shule ya msingi na nilishangilia pia. Leo najiuliza tulikuwa tunashangilia nini, maana kama Rais anaweza kuagiza wimbo upigwe, basi anaweza pia kuagiza usipigwe. Februari 2018 TCRA ilizuia nyimbo zaidi ya kumi zisichezwe, na Agosti 2020, kuelekea uchaguzi, ikasimamisha matangazo ya Clouds kwa siku saba. Tofauti na mwaka 1969 ni kwamba safari hii kazi ya kuzuia ilikuwa ya zamu mbili: soko lilizuia kwanza, dola ikazuia yaliyobaki.

Ruge Mutahaba alifariki Afrika Kusini tarehe 26 Februari 2019. Ephraim Kibonde, sauti ya *Jahazi*, aliongoza shughuli za msiba wake, na yeye mwenyewe akafariki tarehe 7 Machi. Chekereni watu waliwalilia kama majirani. Mjomba pia alilia, jambo lililonishangaza, kwa sababu ndani yake bado ana donge na redio zote. Nilipomuuliza alisema, "Mimi nilitaka waniweke ndani. Sikutaka nyumba ibomoke."

Kufikia hapo nyumba zilikuwa zimeongezeka. E-FM ilianza mwaka 2014 na kuibeba singeli, Diamond alifungua Wasafi FM mwaka 2019, na Moshi yenyewe ikapata redio zake kama Kili FM na Moshi FM. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa nyimbo zilizochezwa redioni na kwenye televisheni, ingawa Sheria ya Hakimiliki ni ya mwaka 1999, umri sawa na Clouds yenyewe. Asiyechezwa hana mrabaha wa kugawiwa, bila shaka. Na simu imekuja, kila mtu anajirushia wimbo wake mtandaoni bila kumwomba mtu. Wanafunzi wenzangu wengi huniambia kwamba kwa hiyo suala langu limepitwa na wakati. Sikubaliani nao. Hao wa sasa wana simu. Wa mwaka 2004 walikuwa na CD moja, na kizazi chao ndicho tunachokisoma darasani kana kwamba chote kiliishi Temeke na Kinondoni.

Mwalimu hatimaye amenipa ruhusa, kwa sharti kwamba nilete angalau sauti iliyorekodiwa. Likizo iliyopita nilimrekodi mjomba kwa simu, ameketi ukingoni mwa mfereji mkuu. Dakika mbili na sekunde kumi na moja, pamoja na kikohozi na pikipiki moja iliyopita. Ubeti wa tatu alijaribu mara nne akashindwa. Mwenzake mmoja amekwisha kufariki. Wa pili anaendesha daladala Arusha, na mjomba anadhani yeye ndiye aliyeutunga. Nimepewa namba yake ya simu. Mara mbili imeita bila kupokewa.